Sindano za Magoti: Tuulize Kabla ya Kuuza Ngamia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyemwumba mwanadamu akamjaalia viungo vya kusimama, kurukuu na kusujudu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Wiki hii twaandika juu ya magoti. Huenda mtu akashangaa kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumzia malezi, ndoa na mirathi, umeteremka hadi kwenye goti. Lakini jambo hili limeingia majumbani mwetu, limewagombanisha ndugu wa tumbo moja, na sisi wenyewe tuna deni ndani yake ambalo hatuna budi kulilipa hadharani.

Mwezi uliopita tulikuwa Isiolo, katika mtaa wa Bulla Pesa, ambako ndugu zetu hutualika kudurusisha kwa siku chache kila mwaka. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wasioujua mji huo na wajue ya kwamba uko mwendo wa kilomita zipatazo 285 kaskazini ya Nairobi, pale mashamba ya nyanda za juu yanapokoma na nchi ya wafugaji inapoanza. Bulla Pesa ni mtaa wa mchanganyiko. Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru hukaa ukuta kwa ukuta, na adhana ya alfajiri hukutana na mlio wa malori ya mifugo yanayojiandaa kushuka Nairobi.

Siku ya pili, baada ya darsa ya kina mama iliyofuata swala ya alasiri, watu walitawanyika akabaki bibi mmoja kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta. Umri wake wakaribia miaka sabini. Wajukuu wake humwita Akko, yaani bibi kwa Kiborana, nasi tutamwita hivyo hivyo. Alitwambia: "Sheikh, niombee dua. Wanangu wanauza ngamia wawili nikadungwe sindano ya magoti."

Tulimwomba atusimulie. Kumbe mtu alipita mtaani na karatasi za rangi zenye picha ya goti, akisema ametumwa na kliniki ya mji mkubwa. Karatasi iliahidi sindano tatu za "seli za kitovu" zitakazoliotesha goti upya, kwa dhamana ya kupona. Bei yake, ukiihesabu kwa soko la mifugo, ni ngamia wawili. Mwanawe mkubwa alikubali siku ile ile. Mdogo akakataa, na kisa chake si ubahili. Ukame ulioshika kaskazini ya Kenya tangu mwisho wa mwaka 2020, mvua zikakatika misimu mitano mfululizo, uliwaachia ngamia sita tu, na wajukuu wanne wamo shuleni kwa maziwa na bei ya ngamia hao. Ndugu hao wawili walikuwa na juma zima hawasemezani.

Tukamwuliza: "Mama, maumivu yamezidi mno?" Akatikisa kichwa. "Maumivu nimeyazoea. Nataka paji langu lifike chini." Akaeleza kwamba ana miaka sita akiswali kitini, na kwamba aliwahi kusikia katika darsa ya kuwa mwenye kuswali ameketi hupata nusu ya thawabu za aliyesimama. "Nimehesabu," akasema. "Miaka sita, kila swala nusu. Hiyo nusu nyingine nani atanilipia?"

Tukamwuliza ni mwalimu gani aliyemfundisha. Alitutazama kwa haya, kisha akajibu: "Ni wewe, Sheikh. Mwaka juzi, hapa hapa."

Hatukuwa na la kusema. Tulikumbuka kweli tuliitaja Hadithi hiyo, na wakati ulipokaribia magharibi tukaikatisha kabla ya kuifafanua. Usiku ule tulimpigia simu daktari mmoja wa mifupa, ndugu yetu katika dini tunayemwamini kwa elimu na kwa ukweli, tukamwuliza kila tuliloweza kuuliza kuhusu sindano hizi. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza, na mwishoni tutairudia ile nusu ya Akko.

Goti na ugonjwa wake

Pale mifupa miwili inapokutana, ncha zake hufunikwa na gegedu, kitu cheupe na laini kinachoteleza, na baina yake mna ute mfano wa mafuta ya bawaba. Jambo kubwa la kufahamu ni hili: gegedu halina mishipa ya damu. Jeraha la ngozi hupona kwa kuwa damu hulifikia ikaleta vitu vya kutengenezea. Gegedu hulishwa na ute peke yake, na kwa sababu hiyo likishachakaa haliwezi kujirudisha kama ngozi. Mfupa husagana, goti huvimba, asubuhi hukaza, na kuinama huwa shida.

Wengi wetu tunakuita kuchakaa huko baridi yabisi, ijapokuwa jina hilo limekusanya maradhi mengi yasiyofanana. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na zaidi baada ya umri wa miaka 50. Uzito wa mwili, kuumia kwa zamani na kazi za kubeba mizigo huzidisha. Mama aliyebeba maji na kuni tangu utotoni ana haki ya kuumwa na magoti, na wala asisemwe kuwa ni mvivu.

Sindano zenyewe

Watu husema "sindano ya goti" kana kwamba ni moja. Ziko za namna nyingi, na daktari wetu alitutajia nne ambazo twafaa kuzipambanua.

Ya kwanza ni ya steroidi, dawa inayopoza uvimbe. Hii haioteshi kitu. Hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa, na kwa goti lililovimba sana ni msaada wa haraka. Lakini ikirudiwa rudiwa ina gharama yake. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2017, uliofanyiwa wagonjwa 140 waliopigwa sindano kila miezi mitatu kwa miaka miwili, uliwakuta wa steroidi wamepoteza gegedu zaidi kuliko waliopigwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakutofautiana. Tena huweza kupandisha sukari ya damu kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwenye kisukari amjulishe daktari mapema.

Ya pili ni ya maji ya sukari yenye nguvu, iitwayo proloterapia. Jina hilo lilienezwa na daktari wa Kimarekani, George Hackett, katika miaka ya 1950. Fikra yake ni kwamba ukiyachokoza kidogo mahali palipolegea, mwili hudhani pameumia upya na kupeleka matengenezo. Tuliposikia hivyo tuliwakumbuka wazee wa Isiolo tuliowaona wakijifunua magoti kwenye udhu, wenye makovu ya mviringo ya moto, kwani wafugaji tangu zamani huchoma kiungo kinachouma. Mtume wetu (S.A.W.) aliutaja moto miongoni mwa tiba na akauchukia kwa umma wake. Sindano ya sukari haiunguzi, na uchunguzi mmoja wa mwaka 2013 kwa watu 90 wenye magoti yaliyochakaa uliona waliopigwa sukari wamepata nafuu kuliko waliopigwa maji ya chumvi na kuliko waliofanya mazoezi ya nyumbani. Ni dalili njema, lakini watu 90 ni wachache kwa kujengea hukumu.

Ya tatu ndiyo inayovuma sasa katika hospitali za binafsi za miji mikubwa, nayo huitwa PRP. Hutolewa damu ya mgonjwa mwenyewe mkononi, kiasi cha mililita 15 hadi 60, ikatiwa kwenye mashine inayozungusha kwa kasi. Chembe nyekundu huzama chini, na juu hubaki maji ya manjano yaliyokusanya zile chembe ndogo zinazogandisha damu mtu anapojikata. Chembe hizo hubeba vitu vinavyoamrisha mwili kujenga, na hapo ndipo lilipotoka tumaini la watu. Madaktari wa taya na meno waliitumia katika miaka ya 1990, kisha ikaenda kwa wanamichezo, na kutoka kwao ikafika kwa akina mama wenye magoti.

Je, yafaa? Uchunguzi mdogo mdogo kadhaa uliona maumivu yamepungua. Lakini mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa Australia kwa watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Nusu walipigwa sindano tatu za PRP na nusu sindano tatu za maji ya chumvi, bila yeyote kujua amepewa ipi. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana baina yao, si katika maumivu wala katika gegedu lililopimwa kwa picha. Anayesema PRP huwasaidia baadhi ya watu kupunguza maumivu hajasema uongo. Ama anayesema huotesha goti jipya, huyo amesema lisilothibiti.

Ya nne ni ya seli shina, yaani chembe changa ambazo zaweza kugeuka kuwa za namna nyingine. Huvutwa kutoka uboho wa mfupa au mafuta ya tumbo la mgonjwa, na wengine huuza zilizotokana na kitovu na damu ya uzazi. Watafiti wangali wanazichunguza, na hakuna bado mwenye haki ya kuziuza kwa dhamana ya kuponya goti. Hatari nayo ipo. Mwaka 2018 huko Marekani, wagonjwa 12 katika majimbo matatu walilazwa hospitalini kwa maambukizo ya bakteria baada ya kupigwa sindano za damu ya kitovu zilizokuwa zimechafuka, na wengi wao walikuwa wamekwenda kutibiwa maumivu ya viungo au ya mgongo. Ikiwa yametokea katika nchi yenye wakaguzi wengi, basi karatasi ya rangi inayogawiwa barabarani Isiolo au Mombasa twaipokeaje bila ya kuuliza?

Sharia yasemaje

Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), naye ametufahamisha kwamba kila ugonjwa una dawa yake isipokuwa uzee. Hatukatazi mtu kutibiwa, na anayedhani kuwa kuvumilia bila ya dawa ndio ukamilifu wa imani huenda akaitesa nafsi yake bure.

Kuhusu PRP, wengi hutuuliza: damu ikishatoka mwilini ni najisi, yawezekanaje kurudishwa ndani? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kujitibu kwa najisi kunaruhusiwa kwa sharti mbili: pasipatikane kilicho tohara cha kutosheleza, na awe aliyeelekeza ni mjuzi wa tiba mwenye kuaminika. Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameandika katika Minhaj kwamba mtu aliyeungwa mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara amesamehewa. Nanyi tazameni jinsi sharti ya fikihi inavyokutana na nasaha ya daktari. Fikihi yasema anza na kilicho tohara, na daktari asema anza na mazoezi, kupunguza uzito na dawa za kawaida. Aliyerukia sindano ya damu bila ya kujaribu hayo ameacha mlango wa mbele akapanda dirishani. Na tone la damu likianguka nguoni, lioshwe kabla ya swala.

Kuhusu saumu, maulamaa wetu wa Kishafi walikwisha kusema zamani ya kwamba dawa ikifikishwa ndani ya nyama ya mguu haifunguzi, kwa sababu hapo si katika matumbo ya mwili. Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Jidda mwaka 1997 liliamua kwamba sindano ya tiba ya ngozi, msuli au mshipa, isiyokuwa ya chakula, haibatilishi saumu. Sindano ya goti ni karibu na hizo. Kutolewa damu nako hakufunguzi katika madhehebu yetu. Pamoja na hayo, asiyekuwa na dharura na asubiri usiku, ili apate utulivu wa moyo.

Kuhusu stara, mwanamke na atafute kwanza daktari wa kike. Asipopatikana mwenye ujuzi huo, aende kwa mwanamume akiwa na maharimu wake au mwanamke mwaminifu, na ifunuliwe sehemu ya tiba tu. Mama asiache kutibiwa kwa haya, na daktari asifunue zaidi ya haja.

Na kuhusu wauzaji wa karatasi za rangi, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi madhara atakayoyaleta yako juu ya shingo yake. Hakuna tabibu wa haki anayeuza yakini, kwani shifaa iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Anayeuza dhamana ya kupona anauza mali isiyokuwa yake.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kutoa shilingi moja, familia na iulize haya, na mwenye kusoma miongoni mwa watoto ayaandike majibu.

Kwanza, goti hili limepimwa na kupigwa picha, na ugonjwa wake ni upi hasa? Sindano ya gegedu haimfai mwenye jongo wala mwenye usaha katika kiungo.

Pili, kilichomo ndani ya sindano ni nini, na kimetoka wapi? Jibu la "dawa ya kisasa kutoka ng'ambo" si jibu.

Tatu, daktari na kliniki yake wamesajiliwa? Hapa Kenya kazi hiyo ni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo huweka daftari la waliopewa leseni katika tovuti yake. Kijana mwenye simu aweza kulitafuta jina kwa dakika chache.

Nne, watu wenye goti kama hili wamepata nini baada ya mwaka mmoja, na wasiopata nafuu ni kiasi gani? Daktari mkweli atawataja na hao pia.

Tano, kuna lipi tusilolijaribu bado lenye bei nafuu zaidi?

Swali hili la tano ndilo wengi hulipuuza. Wataalamu wamepima wakakuta kila kilo moja ya uzito anayoipunguza mtu hulipunguzia goti mzigo wa kilo zipatazo nne katika kila hatua. Mama akipungua kilo tano, goti lake limetuliwa kilo ishirini kila anyanyuapo mguu. Mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja ni miongoni mwa tiba zilizothibiti zaidi, na hayahitaji mashine. Keti kitini, nyosha mguu mmoja mpaka ulingane na sakafu, hesabu tano, ushushe taratibu. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni, na ukiumia kwa kupita kiasi upunguze. Fimbo nayo ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Dawa za maumivu ziulizwe hospitalini, kwa sababu baadhi yake, zikinywewa kila siku bila ya mwongozo, hudhuru tumbo na figo.

Ile nusu ya Akko

Sasa tulipe deni letu.

Hadithi ya nusu ya thawabu ni sahihi, na imepokewa na Imran bin Husayn, radhi za Allah ziwe juu yake. Lakini wanazuoni wameeleza kwamba inamhusu mwenye uwezo wa kusimama akachagua kuketi katika swala ya sunna. Ama asiyeweza, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran huyo huyo, naye akiwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, na asipoweza alale ubavu. Tena amefahamisha katika Hadithi nyingine kwamba mja akiugua huandikiwa amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima. Basi mama aliyekuwa akisujudu chini kwa miaka hamsini, kisha goti likamzuia, hakupunguziwa. Kiti chake ni ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Isipokuwa ruhusa ina mpaka. Anayeweza kusimama kwenye kisomo asimame hata kama hawezi kusujudu. Anayeweza kurukuu arukuu akiwa wima. Kisha aketi kitini kwa sijida, ainame kwa ishara, na ishara ya sijida iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Wala hana haja ya kuinuliwa meza au mto hadi kwenye paji la uso. Ikiwa kusimama kwenyewe kunamletea mashaka makubwa yanayomwondolea unyenyekevu, basi aketi tangu mwanzo bila ya lawama.

Tulirudi kwa Akko kesho yake, wanawe wawili wakiwa wameketi kila mmoja pembe yake. Tukayasema haya mbele yao wote, tukamwomba radhi kwa darsa tuliyoiacha nusu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Kwa hivyo ile miaka sita imeandikwa nzima?" Tukamjibu kwamba hayo ndiyo matarajio yetu kwa Mola asiyemdhulumu mja. Akalia, na mwanawe mdogo akainuka akaenda kuketi karibu na nduguye.

Kabla ya usiku ule walikwisha kupatana. Ngamia hawatauzwa kwa karatasi ya rangi. Akko atapelekwa kwanza hospitali ya rufaa ya kaunti, hapo hapo mjini, apimwe na kuonwa na mtaalamu wa viungo. Ikiwa baada ya miezi kadhaa ya mazoezi daktari mwenye leseni ataona sindano fulani yafaa, watakaa tena na kuamua kwa shauri. Mwana mkubwa hakuridhika sana. Alitwambia pembeni kwamba anaona aibu kumtazama mamake akipanda ngazi ya mlango kwa kushika ukuta, naye yu hai na ana mali. Hatukumlaumu. Tulimwambia atengeneze ile ngazi, aweke na upau wa kushikia, na kwamba hayo pia ni wema kwa mzazi, tena malipo yake hayangoji sindano ya tatu.

Juma lililopita alitupigia simu. Magoti bado yanauma, lakini mama huamka kitandani bila ya kushikwa. Asubuhi hunyosha miguu yake mara kumi kumi, wajukuu wakihesabu kwa sauti, na husimama katika kisomo chote cha alfajiri, jambo aliloliacha tangu alipoambiwa kwamba kiti ni nusu.

Nanyi walimu wenzetu mnaosoma ukurasa huu, tuchungeni Hadithi tunazozikatisha adhana inapokaribia. Sisi tuliondoka na dakika kumi zilizobaki, na mama mmoja wa Bulla Pesa akabaki akihesabu nusu kwa miaka miwili.

Mwenyezi Mungu awaponye mama zetu na baba zetu, awape nguvu za kusimama mbele yake, na asiyeweza kusimama amkubalie kikao chake. Wallahu aalam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.